Mbwa wa HMV na Sauti za Pwani

Mwaka 1928 wanamuziki wachache kutoka Unguja walipanda meli kwenda Bombay. Hawakuitwa harusini wala kwenye karamu ya Sultani. Waliitwa na kampuni ya Kiingereza ya Gramophone, ambayo sahani zake zilijulikana kwa picha ya mbwa aliyeinamisha kichwa mbele ya pembe la santuri, na chini yake maneno matatu, His Master's Voice. Wafanyabiashara walilifupisha jina hilo kuwa HMV.

Kampuni ilikuwa na hesabu yake. Ilitaka kuuza mashine, na mashine ya santuri haiuziki kwa mtu asiye na cha kusikiliza. Zanzibar, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam palikuwa na wenye maduka, makarani, mabaharia na wenye mashamba walioimudu bei yake, lakini sahani walizoletewa zilikuwa za Misri, za India na za Ulaya. Alitakiwa mtu wa kuwaimbia kwa Kiswahili, tena anayependwa tayari. Unguja nzima ilimjua ni nani: Siti binti Saad.

Namna kampuni ya London ilivyofika mahali pa kumhitaji mwanamke wa Fumba aliyewahi kutembeza vyungu inaanzia miaka thelathini nyuma, kwenye chumba cha chini ya ardhi.

Maiden Lane, 1898 hadi 1908

Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, alisajili uvumbuzi wake mwaka 1887. Edison alikuwa akihifadhi sauti kwenye silinda. Berliner aliichora kwenye sahani bapa, na hapo ndipo biashara ilipogeuka, kwa sababu sahani mama moja ya chuma iliweza kugonga nakala kwa maelfu, wakati silinda za siku zile zilikuwa kazi ngumu kuzidurufu. Mwaka 1897 alimtuma William Barry Owen London kutafuta wenye mitaji. Owen akampata mwanasheria Trevor Williams, na Aprili 1898 Kampuni ya Gramophone ikaundwa. Fundi kijana, Fred Gaisberg, alivuka bahari mwaka huohuo akafunga vifaa vyake chini ya jengo moja katika mtaa wa Maiden Lane, karibu na kumbi za maonyesho, ili waimbaji wasichoke kumfuata. Sahani zenyewe zilipigwa Hanover, Ujerumani, kiwandani kwa ndugu yake Berliner.

Mbwa aliingia mwaka uliofuata. Mchoraji Francis Barraud alikuwa amemchora Nipper, mbwa wa marehemu kaka yake, akisikiliza fonografu ya Edison. Nipper mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1895, na picha ilikosa mnunuzi. Barraud alipokwenda Maiden Lane kuazima pembe la shaba ili aling'arishe lile jeusi la kwenye picha, Owen alimpa sharti: afute mashine ya Edison, achore gramafoni juu yake, na kampuni itainunua. Alilipwa pauni 100, nusu ya picha na nusu ya haki ya kuitumia. Nembo chache duniani zilipatikana kwa bei rahisi kiasi hicho. Owen huyohuyo, asije akaonekana mtu wa kubahatisha vizuri kila mara, aliiingiza kampuni kwenye biashara ya taipureta mwaka 1900. Taipureta hazikununulika, na kampuni ikaburuza jina la Gramophone and Typewriter mpaka 1907.

Gaisberg ndiye aliyeifanya kampuni kuwa ya dunia nzima. Mwaka 1902 alimrekodi mwimbaji wa opera Enrico Caruso mjini Milan, nyimbo kumi kwa pauni 100, kisha mwezi Novemba mwaka huohuo akawa Calcutta, akimrekodi mwimbaji Gauhar Jaan. Mwisho wa wimbo mwanamke huyo alitamka jina lake kwa Kiingereza, kwa kuwa mafundi wa Hanover waliokuwa wakipiga sahani hizo wasingejua vinginevyo ni sauti ya nani.

Safari ile ilizaa utaratibu uliodumu. Fundi hupelekwa mbali na vifaa vyake, huchukua sauti za wenyeji, sauti hizo hurudi kama sahani, na sahani huvuta mashine nyuma yake. Mwaka 1907 mwimbaji Nellie Melba aliweka jiwe la msingi la kiwanda kikubwa Hayes, magharibi mwa London. Mwaka 1908 kampuni ikafungua kiwanda Calcutta. India ilikuwa na soko, na ndiko pia ilikotoka sheleki, gundi ya wadudu wa mitini, iliyochanganywa na unga wa mawe na masizi kutengeneza sahani. Kiwanda kikawa karibu na malighafi na karibu na wanunuzi. Kikawa karibu na Bahari ya Hindi pia, ambako majahazi na meli za Bombay zilikuwa zikienda na kurudi Zanzibar tangu zamani.

Fumba hadi Bombay, 1911 hadi 1931

Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, karibu na mwaka 1880, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, akapewa jina la Mtumwa. Alifinyanga vyungu akavitembeza mjini, na sauti ya kunadi bidhaa ndiyo iliyomtangulia mitaani. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alijifunza kuimba pamoja na udi na fidla, akawa na wenzake waliodumu naye: Maalim Shaaban, Subeti bin Ambari, Mbaruku, Buda.

Taarabu ilikuwepo kabla yake. Sultani Barghash alikuwa ameileta kasrini kwake kutoka Misri, na kilabu cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Lakini taarabu hiyo iliimbwa Kiarabu, na wanaume ndio walioitawala. Siti aliiimba kwa Kiswahili, nyumbani kwake Ng'ambo na majumbani kwa matajiri, akayatia ndani mambo ambayo watu walikuwa wakiyazungumza barazani. Wimbo wa "Kijiti" ulitokana na mauaji ya kweli: mtuhumiwa alitoroka, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi wakajikuta wao ndio waliotiwa hatiani. Msikilizaji wa Unguja hakuhitaji kuelezwa anayesemwa ni nani.

Basi HMV ilipofika haikumvumbua Siti. Ilimkuta.

Ilimkuta kwa wakati mzuri pia. Mpaka mwaka 1925 mwimbaji alilazimika kuimba ndani ya pembe kwa nguvu zote, na ala za nyuzi zilisikika kwa mbali kama zimefunikwa. Kuanzia hapo kampuni ilianza kurekodi kwa maikrofoni na umeme. Siti alipoingia studio Bombay, udi, fidla na pumzi yake mwenyewe vingeweza kukaa pamoja kwenye sahani. Kikwazo kilichobaki ni muda. Upande mmoja wa sahani ya mizunguko 78 kwa dakika ulibeba dakika tatu na ushei. Mwimbaji aliyezoea kuliendesha shairi usiku kucha, akirudia ubeti kila anapotuzwa, sasa alikatiwa dakika tatu, na shairi refu likagawanywa, kipande huku na kipande upande wa pili.

Sahani zilipowasili pwani ziligombewa. Kundi lilirudishwa Bombay tena katika miaka iliyofuata, na hadi kufikia 1931 sahani za Siti na wenzake zilikuwa zimeuzwa kwa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki. Columbia, mshindani wa HMV kutoka London ileile, haikusubiri mtu avuke bahari, ikaleta mafundi na vifaa Zanzibar kwenyewe. Wajerumani wa Odeon nao walikuwa sokoni. Kwa miaka mitatu hivi, kampuni za Ulaya zilishindania sauti ya Kiswahili kwa namna ambayo hazikuirudia tena.

Matokeo yake yalipita biashara. Mpiga udi wa Lamu au Tanga aliyekuwa hajakanyaga Unguja aliweza kurudia ubeti wa Siti mara ishirini mpaka aushike. Kiswahili cha Unguja kilisikika Kampala na Kongo ya mashariki kabla ya redio za Kiswahili. Na picha ya mbwa, mnyama ambaye nyumba nyingi za Mji Mkongwe zisingemruhusu avuke kizingiti, ilikaa kwa heshima kwenye meza ya sebule.

Sanduku la kutia ufunguo

Mashine iliyofika mbali zaidi haikuwa ile yenye pembe kubwa la kuonyesha wageni. Ilikuwa ya kubeba mkononi. HMV ilitoa modeli ya 101 katikati ya miaka ya 1920, ikaifuatisha na 102 mwaka 1931, na hii ya pili iliendelea kutengenezwa mpaka miaka ya 1950. Ukiiona imefungwa utadhani ni sanduku la msafiri: mbao zilizofunikwa kitambaa kigumu kama ngozi, mara nyingi cheusi, na kishikio juu. Ukiinua kifuniko unakuta ndani yake mahali pa kuweka sahani kadhaa za safari. Mkono wa kuzungushia unachomolewa na kuingizwa tundu la ubavuni. Kwenye kona ya mbele kuna kibweta cha sindano kinachozunguka kutoka nje. Unatia ufunguo mpaka springi ikaze, unaachia breki, sahani inaanza kuzunguka, unashusha kichwa chenye sindano polepole.

Sindano zilikuwa za chuma, na kila moja ilitakiwa kutupwa baada ya upande mmoja. Asiyetaka gharama aliitumia tena na tena, na ndiyo maana sahani nyingi za zamani zilizookotwa pwani zinakwaruza kuliko zinavyoimba.

Hapa ndipo uhandisi wa Hayes ulipokubaliana na maisha ya vijiji vya nyuma ya pwani. Chukua Mbwawa, kijiji cha Wazaramo katika Kibaha ya leo. Umeme wa Dar es Salaam haukuwa na habari na watu wa huko, wala redio za taa za enzi hizo zisingewafaa, maana zilikula betri kubwa ambazo hazikupatikana kwenye duka la kijiji. Santuri ya springi ilihitaji mkono wa mtu tu. Aliyeuza nazi au korosho mjini akarudi na sanduku la namna hiyo aliweza kulifungua chini ya mwembe, na kijiji kizima kikasikiliza.

Walichosikiliza, hata hivyo, hakikuwa chao. Mdundiko wa Kizaramo huchezwa ukitembea, hudumu saa nyingi, na ngoma zake humzidi nguvu mwimbaji. Mafundi wa kampuni waliotaka dakika tatu safi ndani ya chumba hawakuwa na haja nao. Walichukua taarabu kwa sababu ilikaa kitako, ilikuwa na mwimbaji mmoja wa mbele, na wapenzi wake walikuwa na fedha mjini. Ilibidi kusubiri mtu asiyeuza mashine, Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 na gari la vifaa akirekodi ngoma za vijijini kwa ajili ya utafiti. Tofauti kati ya hazina hizo mbili, ya HMV na ya Tracey, ni tofauti kati ya kile kilichouzika na kile kilichochezwa.

Chini ya paa moja, 1931 hadi 1945

Msukosuko wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 uliipiga biashara ya santuri kuliko biashara nyingi. Mtu anayekosa kazi haachi kununua unga, anaacha kununua nyimbo. Bei za karafuu na nazi zilianguka pia, na wanunuzi wa pwani wakafunga mikoba. Mwaka 1931 mahasimu wa London, Gramophone na Columbia, waliungana wakawa Electric and Musical Industries, yaani EMI. Mwezi Novemba mwaka huo studio zao mpya za Abbey Road zilifunguliwa, na Edward Elgar, mtunzi aliyewahi pia kufungua duka la HMV la Oxford Street mwaka 1921, aliongoza muziki wa siku hiyo.

Kwa Uingereza muungano huo ulikuwa mwanzo wa miaka ya fahari ya kiufundi. Mhandisi wa EMI, Alan Blumlein, alisajili mwaka 1931 njia ya kurekodi sauti kwa spika mbili, stirio tunayoijua. Timu ya Isaac Shoenberg ilitengeneza runinga ya kielektroniki ya mistari 405, na Novemba 1936 BBC ilianza matangazo kutoka Alexandra Palace ikiijaribu kwa zamu na mtambo wa John Logie Baird. Februari 1937 mtambo wa Baird uliwekwa kando. Kiwanda cha Hayes kikawa kinatoa runinga zenye nembo ya mbwa, ambazo wenye fedha wa London walizitazama kupitia kioo cha kifunikoni, kwa sababu bomba la picha lilikuwa refu mno likabidi lisimamishwe wima. Vita vilipokuja, akili zilezile zilihamia kwenye rada. Blumlein alikufa mwaka 1942 ndege ya majaribio ilipoanguka.

Kwa Zanzibar muungano huo haukuwa na fahari yoyote. Mashindano yaliyowafanya mafundi wavuke bahari kumfuata Siti yalikwisha, kwa kuwa HMV na Columbia sasa zilikuwa na kasha moja la fedha. Wakurugenzi wenye hasara mezani hawakuona sababu ya kumrekodi tena mtu ambaye sahani zake tayari zipo ghalani. Siti aliendelea kuimba, akafariki Julai 1950. Shaaban Robert, aliyekwenda kuongea naye kabla ya hapo, akamwandikia wasifu, na wasifu huo ndio uliobeba sifa zake pale ambapo sahani zilikuwa zimeanza kuvunjika. Sheleki ni ngumu lakini huvunjika ikidondoka mara moja tu.

Kuna mfululizo mmoja wa EMI wa miaka hiyo ambao athari yake Afrika labda ilizidi ya sahani za Kiswahili zenyewe. Kuanzia 1933 HMV ilianza kutoa sahani zenye herufi G.V., muziki wa Kuba na nchi jirani uliorekodiwa na Victor ya Marekani, kampuni ndugu iliyotumia mbwa yuleyule, ukapigwa upya Uingereza kwa ajili ya masoko ya ng'ambo. Ya kwanza kabisa ilikuwa "El Manicero" ya Don Azpiazu. Kampuni haikuhitaji kumlipa fundi nauli wala mwimbaji mpya, nakala zilikuwepo. Ulikuwa ubahili wa miaka ya shida. Ubahili huo ukaipa Léopoldville rumba, na Tanganyika dansi.

Kijana wa Morogoro, Salum Abdallah, alizipenda sahani hizo kiasi cha kutoroka kwenda Mombasa akitumaini kupata meli ya Kuba. Meli hakuipata. Alirudi akaunda bendi mwaka 1948, na bendi hiyo ikaja kuitwa Cuban Marimba. Barabara ya Morogoro kwenda Dar es Salaam, inayopita Kibaha, ilizoea magari yaliyopakia magitaa, ngoma na wanaume wenye mashati ya mikono mipana.

Mkanda unaovunja ukiritimba

Salum Abdallah aliiga sahani za HMV, lakini hakurekodiwa na HMV. Nyimbo zake zilitolewa na Mzuri, lebo ya Assanand, wafanyabiashara wa Kihindi wa Mombasa. Katika jambo hilo dogo kuna geuko lote la miaka ya baada ya vita.

Wajerumani walikuwa na mashine ya kurekodi kwa mkanda wa sumaku, na washindi wa vita waliichukua wakaichunguza. EMI yenyewe ilitengeneza ya kwake kwa ajili ya studio mwishoni mwa miaka ya 1940. Ila mkanda ulimfaa mnyonge kuliko mkubwa. Zamani kurekodi kulihitaji nta, mafundi wa kampuni na safari ya meli. Sasa mwenye duka aliyekuwa na chumba kimya na mashine moja aliweza kufanya kazi hiyo, akaagiza sahani zipigwe kwingine. Nairobi kulizaliwa lebo ya Jambo na nyingine nyingi, na katika miaka ya 1950 kiwanda cha kupiga sahani kikaanza humohumo. Mfanyabiashara wa Mombasa alijua ni wimbo gani unaimbwa wiki hii. Ofisi ya Hayes ilijua miezi baadaye, kama ilijua.

Wakati huohuo redio iliingia. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kwa majaribio Julai 1951, na Sauti ya Unguja ikafunguliwa mwaka huohuo. Mwaka 1956 ile ya bara ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Aliyekuwa akinunua sahani ili ausikie wimbo alianza kuusikia bure, ilimradi apate redio, na redio za Kiingereza zilizokuwa madukani, za HMV, Pye, Ekco na Murphy, zilikuwa bado makabati ya mbao yenye taa ndani, yanayotaka umeme au betri nzito.

Redio ya mkulima, 1957 hadi 1977

Mwaka 1957 EMI ilijitoa kwenye utengenezaji wa redio na runinga za majumbani, ikaikabidhi kampuni ya Thorn kazi ya kuzitengeneza kwa nembo ya HMV. Mbwa alibaki kwenye kabati, lakini aliyelitengeneza hakuwa tena bwana wake. Ni ajabu kwamba waliotengeneza runinga ya kielektroniki ya mistari 405 waliachia biashara ya runinga ikiwa ndiyo kwanza inanona. EMI iliona faida iko kwenye muziki, na kwa muda ilikuwa sahihi: miaka mitano baadaye lebo yake ya Parlophone ikawasaini Beatles.

Mwaka huohuo wa 1957 Sony ya Japani ilianza kuuza redio ndogo ya transista ya kubeba mfukoni. Transista haikutaka taa wala moto wa kuziwasha. Betri za tochi ziliitosha. Kwa London hilo lilikuwa starehe ya ufukweni, kwa Mbwawa lilikuwa mapinduzi, maana betri za tochi tayari zilikuwepo kwenye kila duka la kijiji, kando ya chumvi na mafuta ya taa. Kila kilichoifanya santuri ya springi ifae shamba, redio ya transista ilikuwa nacho, na nyimbo zake hazikwisha baada ya dakika tatu.

Tanganyika ikapata uhuru Desemba 1961. Mwaka 1965 shirika la utangazaji likageuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, chini ya serikali moja kwa moja. Serikali iliyotaka kusikika kila kijiji ilihitaji redio za bei nafuu zinazounganishwa nchini, na waliojitokeza hawakuwa Waingereza. Matsushita ya Japani ilijenga kiwanda Dar es Salaam kwa nembo ya National, kikitoa betri na redio. Philips ya Uholanzi ilikuwa Arusha. Redio ya mbao ikawa samani ya heshima, na National ya betri ikamfuata mkulima shambani. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana kuhusu vyoo, maji na malaria. Hakukuwa na mbwa hata mmoja katika vikundi hivyo.

Redio za Kiingereza hazikushindwa Afrika Mashariki peke yake. Ekco ilimezwa na Pye mwaka 1960, na Pye ikamezwa na Philips mwaka 1967. Lakini huku kulikuwa na sababu ya ziada: viwanda vya Uingereza viliyazoea masoko ya makoloni kama mahali pa kupeleka kilichotengenezwa kwao, wakati Wajapani walikuja na mashine ya kuunganishia papo hapo, na redio iliyofikiriwa kwa ajili ya mtu asiye na umeme.

Sahani nazo zilipata tabu upande huu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzipiga. Bendi zilirekodi studio za Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, na kanda zikapelekwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Kanda ya kaseti, iliyoingia kwa njia zake, ilimalizia kazi. Bendi ikawa maarufu nchi nzima bila kuwa na sahani hata moja dukani, na santuri za zamani zikawekwa juu ya makabati.

Mbwa anagawanywa, 1979 hadi 2023

EMI haikufa kwa kukosa akili. Mhandisi wake Godfrey Hounsfield alitengeneza mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili ambayo hospitali zetu zinaiita CT scan. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London mwaka 1971, na Hounsfield akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Mwaka huohuo kampuni yake, iliyokuwa ikivuja fedha, ilinunuliwa na Thorn. Thorn EMI iliendelea kutengeneza runinga mpaka 1987, ilipouza kitengo cha vifaa vya majumbani kwa Thomson ya Ufaransa. Hapo ndipo mstari ulioanza Maiden Lane, wa Waingereza kutengeneza mashine yenye mbwa, ulipokatika.

Kilichobaki kiligawanywa vipande. Marekani mbwa alikuwa wa RCA, Japani wa JVC. Tawi la India, lililokuwa mlango wa Siti kuingilia dunia ya sahani, likaingia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi katikati ya miaka ya 1980, na sasa linaitwa Saregama. Sehemu ya muziki ya EMI ilinunuliwa mwaka 2007 na wawekezaji, ikachukuliwa na benki ya Citigroup mwaka 2011, kisha ikauzwa kwa Universal mwaka 2012. Maduka ya HMV ya Uingereza yalifilisika Januari 2013, yakaokolewa, yakafilisika tena Desemba 2018. Mnunuzi wa pili alikuwa Mkanada, Doug Putman wa Sunrise Records. Duka la 363 Oxford Street lililofungwa 2019 alilifungua tena Novemba 2023, na moja ya bidhaa zinazolipia kodi ya jengo ni sahani za vinaili, wajukuu wa zile za sheleki.

Huku pwani mgawanyo ulikwenda njia nyingine. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake mwaka 1988 kililiita Sauti ya Siti. Mwaka 2007 kampuni ya Topic ya London ilitoa diski ya nyimbo za Kiswahili za kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1950, zilizokusanywa na Janet Topp Fargion kutoka hazina ya British Library, na Siti yumo. Msikilizaji wa Mbwawa mwenye simu na bando la siku anaweza leo kumsikia mwanamke wa Fumba akiimba Bombay, mikwaruzo ya sindano ikiwa imepunguzwa kwa kompyuta, bila ya kutia ufunguo.